Laptopu Kugoma Kuwaka Si Kupoteza Mafaili: Jinsi Flashi au Diski ya Nje Inavyoweza Kuyaokoa

Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows ziligoma kuwaka duniani kote ndani ya saa chache. CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilikuwa imesambaza sasisho lenye kasoro. Mashine iliyolipokea ilionyesha kioo cha bluu, ikajizima, ikawaka, kisha ikarudi kwenye kioo kilekile cha bluu. Ndege zilikwama viwanjani, baadhi ya benki na hospitali zikasimamisha kazi. Pamoja na hayo yote, diski za mashine zile zilikuwa nzima. Kilichozikwamisha ni faili moja. Mafundi walipita meza kwa meza, na pale ilipobidi walichomeka flashi, wakaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, wakalifuta faili lenye kasoro, kazi ikaendelea. Ndani ya siku chache Microsoft ilikuwa imetoa zana ya kutengenezea flashi ya namna hiyo.

Mbinu hiyohiyo inafanya kazi kwenye laptopu ya mwanafunzi wa Dodoma au ya mwenye steshenari Mombasa. Tatizo ni kwamba huku kwetu mazungumzo na fundi mara nyingi huishia kwenye sentensi moja: "Windows imekufa, tupige nyingine, ila vilivyomo vitapotea." Mwenye mali anakubali kwa sababu hajui kama kuna njia nyingine. Tasnifu zimepotea hivyo, pia picha za marehemu na vitabu vya hesabu vya miaka, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ingeweza kutolewa salama kabla ya Windows mpya kupigwa.

Tuanze kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo kwa mazoea tunaviita kwa jina moja, laptopu. Cha kwanza ni kifaa chenyewe: kioo, kibodi, betri, ubao mama (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote), RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika wakati wa kazi). Cha pili ni mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayokiongoza kifaa hicho, kama Windows, macOS au Linux. Cha tatu ni mafaili yako. Mfumo endeshi na mafaili hukaa kwenye diski moja ndani ya mashine, na hapo ndipo watu wanapochanganya, wakidhani cha pili kikifa basi na cha tatu kimekufa.

Chukua mfano wa duka. Jengo ni kifaa, muuzaji ni mfumo endeshi, bidhaa zilizopangwa rafuni ni mafaili yako. Muuzaji akiugua, duka halifunguliwi asubuhi hiyo, lakini bidhaa hazijatoka rafuni. Unaweza kumleta muuzaji wa muda kutoka nje, akafungua mlango na kuhamishia bidhaa mahali salama. Kuwasha laptopu kwa flashi, ambako mafundi wanakuita kubuti, ndiko kumleta huyo muuzaji wa muda.

Jambo hili linawezekana kwa sababu ubao mama una chipu ndogo yenye programu yake, na programu hiyo haikai kwenye diski. Zamani iliitwa BIOS. Mashine za sasa zinatumia aina mpya iitwayo UEFI, ingawa mtaani zote mbili bado zinaitwa BIOS. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hii ndiyo inayoamka kwanza. Inakagua RAM, kibodi na kioo, halafu inafuata orodha: tafuta mfumo endeshi kwenye diski ya ndani, usipoupata, tazama kwenye USB, usipoupata, tazama kwenye mtandao. Orodha hiyo inapangika. Ukiiamuru ianze na USB, itaanza na USB, hata kama diski ya ndani ni mbovu au imeshatolewa kabisa.

Kabla hujatafuta flashi, tazama laptopu inagomea wapi

Laptopu isiyowasha hata taa moja ina tatizo la umeme: chaja, betri, tundu la kuchajia au ubao mama. Flashi haisaidii hapo. Inayowasha taa na feni ikazunguka lakini kioo kikabaki cheusi, au inayolia milio ya kurudiarudia, mara nyingi ina tatizo la RAM, kioo au ubao. Hapo napo flashi haisaidii. Lakini hata laptopu hizi mafaili yake kwa kawaida yako salama, kwa sababu diski inaweza kutolewa, ikawekwa kwenye kasha la USB na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine kama diski yoyote ya nje. Hilo haliwezekani kwa zile zenye diski iliyochomelewa kwenye ubao wenyewe.

Flashi inafaa kwa kundi la tatu, nalo ndilo kubwa. Nembo ya Dell, HP au Lenovo inatokea, kisha mambo yanaharibika: ujumbe wa "No bootable device", kioo cha bluu kinachojirudia, vidoti vinavyozunguka bila mwisho, au ule ukurasa wa matengenezo usiomalizika. Nembo ikishaonekana, ujue kifaa kimeamka na kinatafuta wa kukiongoza.

Flashi ina faida nyingine ambayo ningependa kila mwenye laptopu aijue: inapima. Iwashe laptopu kwa flashi na uitumie kama saa nzima. Ikitulia vizuri, basi RAM, ubao na kioo havina shida kubwa, na ugonjwa uko kwenye diski au kwenye Windows, vitu ambavyo vinabadilishika. Ikiganda na kujizima hata ukiwa kwenye flashi, Windows si mtuhumiwa tena, na kupiga Windows mpya kutakumalizia pesa bure. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kimeshawaepusha watu kununua laptopu nyingine wakati walichohitaji kilikuwa diski tu.

Kutengeneza flashi yenyewe

Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo. Mfumo endeshi hupakuliwa ukiwa faili moja kubwa la aina ya ISO. Ukilinakili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo, laptopu haitaliona. Linatakiwa kuandikwa kwa programu maalumu, ambayo hupanga flashi kwa namna ambayo UEFI inaielewa. Kwenye Windows inayotumika zaidi ni Rufus. Ipo pia Ventoy, ambayo unaiweka kwenye flashi mara moja, na baada ya hapo ndipo unaweza kunakili ISO moja au kumi kwa njia ya kawaida na kuchagua unayoitaka wakati wa kuwasha. Ukitaka flashi ya Windows peke yake, Microsoft wanatoa zana yao ya bure inayohitaji flashi ya angalau GB 8. Kumbuka kuwa zana hizi zote hufuta kila kilichokuwamo kwenye flashi.

Na kama laptopu iliyokufa ndiyo kompyuta pekee nyumbani? Simu ya Android inaweza kusaidia. Programu ya bure iitwayo EtchDroid huandika ISO za Linux kwenye flashi iliyochomekwa kwenye simu kwa waya wa OTG, ule mfupi unaounganisha flashi na simu. Kwa Windows haifai, ila kwa kazi ya kuokoa mafaili Linux inatosha kabisa. Linux ina matoleo mengi, na mtu wa bando atapenda kujua kwamba toleo la Linux Mint lina ukubwa wa karibu GB 3, wakati lile la Ubuntu la sasa ni karibu mara mbili ya hapo.

Kwa nini Linux wakati laptopu ni ya Windows? Kwa sababu Linux nyingi zinaweza kufanya kazi zote zikiwa kwenye flashi na RAM, bila kugusa diski ya ndani. Ikifunguka, unachagua kuijaribu badala ya kuisakinisha. Kutoka hapo unaona kompyuta kamili, yenye kivinjari cha intaneti na kidirisha cha mafaili, na diski yako ya Windows ikiwa pembeni pamoja na folda zako. Ile hofu kwamba kubuti kwa flashi kunafuta vitu inatokana na kuchanganya kujaribu na kusakinisha. Kinachofuta ni usakinishaji, na kabla ya kufuta utaulizwa.

Ili laptopu ianze na flashi, bonyeza mfululizo kitufe cha menyu ya kuwashia mara tu baada ya kuiwasha. Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, HP hutumia Esc kisha F9, ASUS hutumia Esc. Acer nao hutumia F12, lakini kwenye nyingi lazima kwanza uingie kwenye mipangilio kwa F2 na kuiruhusu menyu hiyo. Baadhi ya Lenovo IdeaPad zina kitundu kidogo ubavuni kinachobonyezwa kwa sindano. Kitufe kisipoitika, jaribu ukiwa umeshikilia Fn. Na flashi isipoonekana, ihamishie tundu jingine kabla hujailaumu.

Unaweza pia kukutana na kizuizi kinachoitwa Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa mfumo usio na saini inayotambulika. Matoleo ya Linux kama Ubuntu, Mint, Fedora na Debian yana saini hiyo na hupita. Usikimbilie kuuzima ulinzi huu. Sababu yake inakuja mbele kidogo.

Ukishaingia: mafaili kwanza, matengenezo baadaye

Chomeka diski ya nje ya pili, au flashi nyingine yenye nafasi, na uanze kunakili. Folda unazozitafuta ziko ndani ya folda ya Users, chini ya jina lako: Desktop, Documents, Downloads, Pictures. Watu wengi husahau Desktop, na ndiko vitu vingi huwekwa. Linux ikikuambia diski inasomeka tu na haiandikiki, usishtuke. Windows, tangu toleo la 8, mara nyingi haijizimi kabisa bali hulala nusu, na Linux huiheshimu hali hiyo kwa kutoigusa. Kwa kunakili, kusoma kunatosha.

Angalia unanakilia wapi. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja lililozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi itakataliwa hata kama nafasi ipo tele. Kabla ya kunakili, ifomati kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho. Baya zaidi ni flashi bandia, zile zilizoandikwa TB 1 au 2 kwa bei ya chakula cha mchana, wakati ndani zina GB chache. Inapokea kila unachoipa bila kulalamika, kisha mafaili yanakataa kufunguka. Kabla ya kuondoka, fungua kadhaa kati ya uliyonakili, hasa ya mwisho, na uyafungulie kutoka kwenye diski ya nje yenyewe.

Mafaili yakishakuwa salama ndipo urudi kwenye Windows. Flashi ya Windows ina chaguo la kutengeneza kompyuta ambalo wengi hulipita kwa haraka ya kusakinisha. Humo unaweza kuondoa sasisho la karibuni, kurudisha mfumo ulivyokuwa siku fulani, au kurekebisha sehemu ya kuwashia. Mara nyingi hiyo inatosha, na Windows mpya haihitajiki. Ikihitajika, piga bila wasiwasi.

Mpangilio huu unabadilika kidogo diski yenyewe inapokuwa inakufa. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, hutoa dalili: mlio wa tik-tik, kunakili kunakosuasua, folda zinazochukua dakika nzima kufunguka. Ukiona hivyo, usiiendeshe programu ya kukagua na kurekebisha diski, kwa sababu huilazimisha diski mgonjwa kusoma kila sehemu yake. Nakili kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata tena, muziki na filamu baadaye. Mlio ukizidi, izime na umpelekee anayefanya kazi ya kuokoa data peke yake. Fundi mjuzi atatumia ddrescue, programu ya Linux inayonakili kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu kwa mwisho.

SSD, diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, hazilii. Zinaweza kufa ghafla, na zina tabia moja inayovunja imani iliyozoeleka. Zamani ilikuwa kweli kwamba hata baada ya diski kufomatiwa haraka, fundi angeweza kurudisha mengi, kwa sababu data ilibaki kwenye sahani mpaka iandikwe nyingine juu yake. Kwenye SSD, mfumo huiarifu diski kwamba nafasi hiyo haina kazi tena, kwa amri iitwayo TRIM, na diski huisafisha yenyewe. Ahadi ya "tufomati kwanza, tutavirudisha baadaye" ilikuwa na msingi kwenye laptopu ya mwaka 2010. Kwenye laptopu ya leo kwa kawaida haitimii. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu wa kuokoa kwanza.

Kuna na imani ya C na D. Mafundi wengi hugawa diski mara mbili, na mteja anaambiwa aweke vitu vyake D. Ushauri huo unasaidia Windows inapokufa, maana ukipiga nyingine kwenye C, D hubaki, ilimradi anayepiga asifute migawanyo yote. Ila C na D ni vyumba viwili ndani ya diski ileile. Diski ikifa, au laptopu ikiibiwa, vyote viwili vinaondoka pamoja.

Nywila, na kasiki iliyofungwa

Mpaka hapa huenda umejiuliza: kama flashi inaweza kufungua mafaili yangu bila kuniuliza nywila ya Windows, mwizi naye je? Naye anaweza. Nywila ya Windows inalinda mlango wa Windows peke yake, na tukishabuti kwa Linux hatupiti mlango huo. Laptopu isiyosimbwa, yaani ambayo diski yake haijafungwa kwa ufunguo wa siri, ikiibiwa kwenye daladala, nywila yako haimzuii mwizi kusoma chochote kilichomo.

Kwa ajili hiyo Microsoft wameweka BitLocker, ambayo husimba diski nzima ili isisomeke bila ufunguo. Kwa mfano wetu wa duka, bidhaa zote zimetiwa kwenye kasiki. Muuzaji wa muda anaingia dukani, anaiona kasiki, hana la kufanya. Tangu Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, usimbaji huu hujiwasha wenyewe kwenye laptopu nyingi mpya au zilizopigwa Windows upya, hata zile za toleo la Home, pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Wenye laptopu wengi hawajui kwamba diski yao imesimbwa.

Windows ikiwa nzima, ufunguo hutolewa kimyakimya na chipu iliyo kwenye ubao mama. Ukizima Secure Boot au ubao ukibadilishwa, chipu inaona mazingira yamegeuka na inakataa. Unaletewa kioo cha bluu kinachodai tarakimu 48. Ukiwa nazo, hata Ubuntu au Mint ya sasa itaifungua diski na utanakili kama kawaida. Usipokuwa nazo, hakuna fundi wala kampuni itakayoweza kuyasoma mafaili hayo, na anayekuahidi hivyo anakuuzia tumaini. Wakati wa mkasa wa CrowdStrike, hiki ndicho kilichozichelewesha ofisi nyingi: flashi zilikuwapo, funguo zilikuwa zikisakwa.

Kwa watu binafsi, tarakimu hizo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati laptopu inaandaliwa. Sasa jiulize ni akaunti ya nani. Kama muuzaji au fundi alitumia barua pepe yake ili kumaliza haraka, ufunguo wa mafaili yako uko kwake, na huenda hata yeye amesahau nywila ya barua pepe hiyo.

Wenye Mac wana hali yao. Zenye chipu za Intel huwashwa kutoka diski ya nje kwa kushikilia kitufe cha Option, ila zile zenye chipu ya usalama ya T2, za kuanzia miaka ya 2017 na 2018, hukataa diski ya nje mpaka uiruhusu mapema kwenye mipangilio ya usalama. Zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwishoni mwa 2020, hushikiliwa kitufe cha kuwashia, lakini hatua ya kwanza ya kuwaka iko kwenye hifadhi ya ndani. Hifadhi hiyo ikifa, diski ya nje haitaiwasha.

Kwa laptopu za kawaida ambazo diski ya ndani imekufa na pesa ya mpya haijapatikana, unaweza kuishi na diski ya nje kwa muda mrefu. Sakinisha Linux kwenye SSD ya nje, ichomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, na mashine itafanya kazi kwa kasi nzuri. Flashi ya kawaida si ya kazi hiyo. Huandikwa polepole na huchoka mapema. Windows kwa kawaida hukataa kusakinishwa kwenye diski ya USB. Microsoft walikuwa na njia rasmi iliyoitwa Windows To Go, wakaiondoa mwaka 2020. Rufus bado inaweza kuitengeneza, ingawa bila msaada wa Microsoft.

Kama laptopu yako inawaka leo, fanya jambo hili kabla ya kulala. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft. Ukikuta tarakimu 48 zenye jina la laptopu yako, ziandike kwenye karatasi na uiweke mbali na begi la laptopu. Ukute ukurasa mtupu ilhali mipangilio ya Windows inaonyesha usimbaji umewashwa, mtafute aliyekuandalia mashine umuulize alitumia akaunti gani, au uhifadhi nakala ya ufunguo kutoka ndani ya Windows yenyewe wakati bado inafunguka.